Ubao wa Bwana Faki

Mashavu alikwenda dukani kukopa cherehani, alipe kidogo kidogo kila mwezi. Bwana Faki, mwenye duka, alimwonyesha kwa kidole ubao wa mlangoni, ambako majina ya waliochelewesha malipo yaliandikwa kwa rangi ya mafuta. Lake lilikuwa la tatu.

"Lakini deni lile si nililimaliza? Nilichelewa siku kumi tu, mtoto akiwa amelazwa!"

"Deni ulilipa, dada. Kule kuchelewa ndiko kulikobaki. Jina hukaa miaka saba, na wewe bado miwili."

"Miaka saba kwa siku kumi?"

"Ndio utaratibu wa duka."

Wateja wawili kwenye kaunta waligeuka kutazama. Mashavu akausogelea ubao. Ndipo alipoliona kopo la rangi chini ya ubao, brashi ikiwa ndani, tayari kwa jina litakalofuata.

"Na ile kanzu yako ya Idi, niliyoishona kwa mkono usiku na mchana, umeilipa lini?"

"Aa, hiyo nitakupa kesho."

"Kesho yako ina miezi minne sasa!"

Akainama, akachovya brashi, akaandika kwa herufi kubwa: FAKI. Pembeni akaweka mwaka ambao jina hilo litatoka.

Bwana Faki alitoka mbio nyuma ya kaunta na kitambaa, akasugua. Kadiri alivyosugua, rangi mbichi ilimjaa vidoleni na kuzidi kutanda ubaoni, na wale wateja wakasogea karibu wasome.