Mtihani wa Neno Moja

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe kumi na nne Agosti, siku wafanyakazi wote wa kiwanda cha nguo walipokusanywa bwaloni kufanya mtihani wa neno moja la Kiingereza: get.

Amri ilitoka juu, kama kawaida. Mitambo mipya inakuja na maelezo ya Kiingereza. Asiyejua kulitumia neno hilo kwa maana tano, akatafute kazi kwingine. Wakubwa wakisema wamesema.

Simu zilitiwa kwenye ndoo, mlango ukafungwa, watu wakaitwa mmoja mmoja mbele ya mtahini.

"Geti la kiwanda nalijua," alinong'ona Mama Nyuzi, msokotaji wa siku nyingi. "Hili lingine linafunguka wapi, fundi?"

"Nyamaza, dada yangu. Utanisahaulisha."

Fundi wa mitambo alikuwa mgane. Watoto watatu, na shule yake iliishia darasa la nne. Kazi ikiota mbawa, watoto watakula nini? Maneno?

Nje malori yalinguruma. Mtahini akainuka, akafunga madirisha.

"Kelele," alisema, bila kumtazama mtu usoni.

Zamu ya fundi ikafika. Jasho likamshuka mpaka kiunoni. Akasema kupata barua. Akasema kufika nyumbani. Kuchoka. Kuamka. Ya tano ikamgomea, ulimi ukawa gogo.

"Usiharakishe, mzee," alisema mtahini. "Muda tunao."

Mama Nyuzi amefumba macho, midomo inamcheza.

"Kuelewa!" fundi alipayuka. "Mtu akielewa, hiyo nayo ni get!"

Makofi yakalipuka. Mama Nyuzi akapiga kigelegele mpaka akakohoa. Waliokosea walirudishwa mara ya pili, hata ya tatu, na jioni ilipoingia hakuna aliyefeli hata mmoja. Ndipo mlango ulipofunguliwa.

Fundi akaenda moja kwa moja jengo la kufumia, kuifunika mitambo isiingie vumbi, kama alivyofanya kila jioni. Mama Nyuzi alimfuata nyuma, bado anamtania: "Mzungu wetu, ngoja basi!"

Fundi akausukuma mlango.

Sakafu ilikuwa tupu. Yalibaki madoa ya mafuta na matundu ya skrubu, safu kwa safu, mpaka ukutani.

Mama Nyuzi akashika fremu ya mlango.

"Fundi," aliuliza, "kwani tumefaulu nini?"