Sindano ya Mwaka Mzima

Nakijwa alimshika mbwa wake kichwa huku daktari wa mifugo akitazama kipimo cha damu. Minyoo ya moyo, ile inayoletwa na mbu, haikuwamo.

"Kukinga, mama, kuna vidonge vya kila mwezi na sindano ya mwaka mzima."

"Mchome ya mwaka."

Mdogo wa marehemu mumewe akacheka. "Shemeji, kesho unapasuliwa wewe, leo unahangaika na mbwa?"

"Ndiyo maana. Vidonge wewe utavisahau."

Sindano ikaingia, mbwa akatulia.

"Na mwakani atamleta nani?" daktari akauliza.

"Mimi, Mungu akipenda. Na atapenda."

Nje, shemeji akanyoosha mkono apokee kamba. Nakijwa akaizungusha tena mkononi mwake, akatangulia na mbwa wake.