Fisi Aliyekula Mioyo Mia

Pimbi alikuwa mwalimu mwenye umbo dogo, na subira yake ilikuwa ndogo zaidi. Mwanafunzi wake Fisi alijua kila kitu.

"Moyo una vyumba vinne," Pimbi alifundisha Jumatatu. "Mishipa ya ateri inatoa damu moyoni kwa nguvu. Ya vena inairudisha taratibu."

"Mwalimu, mimi nimekula mioyo mia," Fisi akamkatiza. "Ndani ni nyama tupu. Na mishipa yote ni ile ile. Damu ikitoka, ikichoka inarudi yenyewe."

Darasa zima likaandika maneno ya Fisi. Jumanne Pimbi akarudia somo. Jumatano akarudia tena mpaka sauti ikamkauka, nao wakazidi kuandika maneno ya Fisi.

Alhamisi Fisi aliruka uzio wa seng'enge, ukamchana paja. Damu ikawa inaruka kwa kila pigo la moyo. Wenzake wakaja mbio, wakaketi kumzunguka.

"Nisaidieni! Mbona mmekaa tu?"

"Tunasubiri irudi," akajibu Ngiri, daftari mkononi. "Si ndivyo ulivyotufundisha?"

Pimbi akafika mbio, akawasukuma kando, akalikandamiza jeraha kwa uzito wake wote, ambao haukutosha. "Ngiri, weka daftari chini uje ukalie hapa! Hiyo ni ateri!"

Ngiri akakalia. Damu ikapungua, ikakoma.

"Mwalimu," Fisi akanong'ona, "ulisema vyumba vingapi?"

"Vinne!" Pimbi akafoka. "Umekula mioyo mia, ukasubiri wako uanze kumwagika ndipo uulize!"