Mashine ya Mke wa Mkaguzi

"Tatu kwa kumi," alisema Momanyi. "Shuka. Panda tena."

Mkewe, Gesare, alishuka kwenye mashine akihema, akafuta jasho kwa ncha ya leso, akapanda tena.

Bharti aliwakuta hivyo alipotoka stoo, nyuma ya duka lake mjini Kisii. Mwanamume alikuwa ameketi kwenye kiti pekee cha duka, kimesogezwa hadi kwenye mashine za mazoezi. Hakuinuka kumsalimu mwenye duka. Alinyoosha mkono wa kulia tu, wa kushoto ukiwa mfukoni mwa koti, kama chifu barazani.

"Momanyi. Nilikuwa mkaguzi wa shule, Nyamira yote," alisema. "Nikionekana Ikonge, walimu wa Keroka walianza kufagia."

Bharti aliitikia kwa kichwa, bila kutabasamu. Tangu mumewe Shashikant afariki, miaka sita sasa, alikuwa akiuza peke yake, na wanaume wa aina hii aliwajua. Huja na mke aliyenenepa, wakamchagulia mashine mbele za watu, wakamtukana juu yake.

"Mama anataka ya kupunguza mwili?" aliuliza.

"Mwulize mwenyewe," alisema Momanyi. "Kama ana pumzi ya kukujibu."

Gesare alikuwa na pumzi. Aliuliza maswali ambayo Bharti hakuwahi kuulizwa tangu aanze kuuza vitu hivyo. Mashine ya mkanda aliikataa mara moja.

"Hii inataka stima, na kwetu stima hupotea hata siku mbili. Halafu mkanda haumngoji mtu."

Baiskeli ya mazoezi aliigusa tu.

"Kuketi tumeketi vya kutosha, mama."

Zikabaki mbili za mtindo mpya, zilizofika kutoka Nairobi mwezi ule. Zilikuwa na vikanyagio viwili virefu vilivyozunguka taratibu, mtu akawa kama anatembea na nyayo zisiguse chini. Moja ilikuwa na mshikio uliosimama tuli. Nyingine ilikuwa na mikono miwili mirefu ya chuma, iliyokwenda mbele na nyuma pamoja na miguu.

Gesare alipanda ile ya kwanza. Akauachia mguu wa kushoto ulegee, mkono wa kushoto ukaning'inia, akajaribu kuiendesha kwa upande mmoja. Mashine ilikwama, naye nusura aanguke.

Momanyi alicheka hadi akakohoa. "Umeona, mama? Mwanamke mzima, watoto watano, hajui kutembea! Mbili. Na hizo mbili ni za kufika darasani."

Bharti alihisi damu ikimpanda. Gesare akahamia ile ya pili, akalegea vilevile, akasukuma kwa mkono wa kulia na mguu wa kulia. Safari hii mkono wa pili wa chuma ulirudi wenyewe, na kikanyagio cha kushoto kikauchukua mguu uliolegea, kikauzungusha. Gesare akafumba macho, akarudia mara tatu, nne.

"Unatikisika kama gunia la majani chai juu ya mkokoteni," alisema Momanyi. "Nne. Leo nina huruma."

"Inabeba kilo tisini?" Gesare alimwuliza Bharti.

Bharti alimtazama. Gesare hakufika huko hata kwa mbali, lakini mke anayeitwa gunia kila siku mwishowe huamini.

"Inabeba hata mia na ishirini."

"Na mtu akiegemea upande mmoja, haipinduki?"

"Haipinduki. Chini ni nzito."

Gesare aliisukuma kwa bega, kwa nguvu zake zote, mara mbili. Haikusogea. "Basi ni hii," alisema.

Walipofika kwenye kaunta kutazama karatasi za mashine, Bharti alimwinamia. "Dada, mimi ni mtu wa biashara, sifai kusema hivi. Lakini usijitese kwa ajili ya mtu kama huyu."

"Usimchukie, mama. Amekuwa hivi tangu Machi tu."

"Tangu Machi!" Bharti aliguna. "Wangu alikuwa hivyo tangu siku ya harusi."

Gesare alicheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu waingie. Kutoka kitini sauti ikawafikia:

"Mnacheka nini? Mwanamke akishanunuliwa kitu anasahau aliyemleta. Rudi hapa upande tena, hata nusu ya alama hujaongeza!"

Bharti aliziweka karatasi chini. Alikuwa amevumilia wateja wengi, lakini mvua ilikuwa inanyesha, duka lilikuwa tupu, na hakuwa na wa kumwogopa. Akaenda akasimama mbele ya kile kiti, mikono kiunoni.

"Wewe bwana, umekaa kwenye kiti changu saa nzima, unamtukana mtu anayetoka jasho. Sasa inuka. Panda wewe, na mimi nitakupa alama."

Kwa mara ya kwanza tangu aingie, Momanyi alitazama sakafu.

"Ana haki, Baba Marion," alisema Gesare kwa upole. "Hata mimi nilitaka ujaribu kabla haijapakiwa."

Akapitisha mikono chini ya makwapa ya mumewe, akamwinua kama daktari alivyomfundisha, akamwegemeza kwenye mashine. Kisha akachuchumaa, akaubeba mguu wake wa kushoto kwa mikono miwili, akauweka kwenye kikanyagio.

"Haya," alisema. "Sukuma kwa ule mzima."