Kisahani cha Mwanashehe

Mzee Mbaruku alivua kofia kabla ya kuinamia darubini. Mkewe, Mwanashehe, alikuwa amezikwa tangu masika, lakini humu maabarani uvimbe uliomuua ulikuwa bado unakua ndani ya kisahani, umeoteshwa kutokana na kipande kilichokatwa kwenye ini lake.

Rukia, mtafiti, aliwasha mwanga. Nyuzi za kovu ziling'aa kijani, zimeuzungushia uvimbe ua mzito.

"Hizo ndizo zilizozuia dawa isipenye," alisema. "Na bado zinaongezeka."

"Kwa hiyo bado u hai."

"U hai, baba."

"Mnaulisha nini?"

"Maji yenye sukari na virutubisho. Kila asubuhi."

Siku za mwisho mzee alikuwa akimpelekea Mwanashehe uji kwa kijiko, naye akigeukia ukutani.

"Na unakula?"

"Hausazi kitu."

Rukia akazima mwanga, akamweleza kwa upole kwamba mwanga ukizidi huziunguza seli. Mzee alibaki ameinama, kofia imekunjwa mkononi, jicho lake kwenye darubini iliyokwisha kuwa giza.