Maoni ya Mama

Mlango wetu haufunguki asubuhi mpaka kila mtu mzima wa nyumba atoe maoni yake juu ya habari moja ya siku. Sanduku linalotuuliza na kusikiliza maoni hayo liko ukutani, juu ya jiko la gesi. Mama alipopooza akawa hawezi kusema, nilianza kumsemea kwa kuiga sauti yake, maana kazini kwetu ukichelewa dakika tano unarudishwa nyumbani. Niligundua kwamba maoni makali hayaulizwi swali la pili. Basi kwa miezi minane mama yangu mpole amesema wavivu wafukuzwe, wazee wasibebwe, na asiyezalisha asitegemee jasho la wenzake.

Leo nilikuwa namlisha uji, viatu nimeshavaa.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa," likasema sanduku. "Inapendekezwa wagonjwa wasiofanya kazi wasipewe tena dawa. Unaonaje?"

"Marahaba," nikaiga. "Hapana, wapewe."

"Hiyo si kawaida yako, Bi Mwanahawa. Tumeandika jibu lako la siku zote. Ahsante."

Mlango ukafunguka. Mama alikuwa ananitazama. Hasemi, lakini masikio yake ni mazima, na ameyasikia yote tangu siku ya kwanza.

Nikamfuta uji kidevuni, nikawahi kazini.