Mpako wa Salha

Salha alipomaliza kuchora uso wa mwanamke kwenye ukuta wa saluni yake, mtaa mzima ulikuja kucheka.

"Shoga, hii si picha, ni mpako tu," alisema jirani yake, Bi Mize. "Kama mtoto katema uji!"

Salha alicheka nao, ila macho yake yalikuwa njiani. Mama yake, aliyemnunia tangu alipoolewa bila radhi zake, hupita hapo kila akienda sokoni.

Akaja. Akasimama akiutazama ukuta mpaka vicheko vikakoma vyenyewe.

"Pua umenizidishia," alisema.

"Basi ingia ndani nikutazame vizuri, mama."

Mama aliliweka kapu kizingitini, akaanza kufungua mtandio taratibu.